Maji yamepwa au jahazi limezama?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu (RBA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni karani wa klering, kazi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, mwaka wa 19 sasa. Kila mwisho wa mwezi nakatwa mshahara, mwajiri anaongeza chake, na pesa zinaingia kwenye hazina ya akiba ya wafanyakazi. Kwa miaka mingi karatasi ya kila mwaka nilikuwa naitazama mstari wa mwisho tu, kisha naitia kabatini.

Karatasi ya 2023 niliisoma yote. Nilianza mwaka na shilingi 2,140,000. Zikaingia 156,000. Mwaka ukaisha nikiwa na 2,231,000. Nikapiga hesabu mara tatu, ya tatu kwa mashine ya ofisini: shilingi 65,000 hazipo. Kwenye safu ya faida paliandikwa 3.0 ndani ya mabano. Mimi nashinda na ankara, najua mabano yana maana gani: ni hasara. Dereva wetu mmoja wa trela alifurahi, akidhani amepata asilimia tatu.

Mkutano mkuu wa wanachama ukaitishwa, kama sheria inavyotaka. Meneja wa uwekezaji alikuja na picha za ukutani, zote kwa Kiingereza, na taa nyekundu ya kuonyeshea. Mzee mmoja wa ghala akanyoosha mkono: "Mwanangu, huo mstari unaoteremka ndio pesa zetu?" Akajibiwa kwamba soko limejirekebisha. Mzee akakaa chini. Kwake yeye, na kwangu pia, kitu kikirekebishwa huwa kizuri kuliko kilivyokuwa.

Baada ya hapo ukumbi ukachemka. Vijana wakataka kila kitu kihamishiwe hazina ya dhamana ya kampuni ya bima, ambako mtaji haupungui. Wadhamini, yaani wasimamizi wa hazina, ambao ni wenzetu na wanakunywa chai nasi kila siku, wakazidiwa. Kabla ya katikati ya 2024, hisa na hati fungani za zamani (hati za pesa tulizoikopesha serikali) zikauzwa kwa bei ya siku hiyo. Na mwaka huohuo wa 2024 Soko la Hisa la Nairobi likapanda kwa takriban thuluthi moja. Sisi tulikuwa ufuoni, tunatazama wenzetu wakitweka tanga. Hasara iliyokuwa ya karatasi tuliifanya ya kweli kwa mikono yetu wenyewe, na kwa kura.

Sikuandiki kuzidai zile 65,000. Nakuandikia kwa sababu hakuna aliyetueleza, na maelezo yenyewe hayakuwa magumu. Nimeyatafuta mwenyewe baadaye na kuyaelewa kwa jioni mbili.

Sehemu kubwa ya akiba za wastaafu wa nchi hii iko kwenye hizo hati fungani za serikali. Mwaka 2023 serikali ilikuwa na shida ya pesa, deni la Eurobond, mkopo kutoka masoko ya nje, la dola bilioni 2 likisubiri Juni 2024, na riba ikapanda hadi Februari 2024 hati ya miundombinu ikauzwa kwa riba ya 18.46%. Sasa chukua hazina iliyonunua zamani hati ya 100,000 inayolipa 12%. Inapata 12,000 kwa mwaka, na jirani mwenye hati mpya anapata zaidi ya 18,000. Ukiitaka pesa yako leo, nani atainunua ile ya zamani kwa bei kamili? Lazima uipunguze, na mhasibu anaandika bei hiyo iliyopunguzwa. Lakini ukiishika hadi iive, yaani muda wake utimie, serikali inakulipa 100,000 zako timamu, na 12,000 za kila mwaka hazikukatika hata siku moja. Hayo ni maji kupwa. Mtoto wa Mtongwe anajua kwamba mtumbwi uliokaa juu ya matope saa nane mchana haujaharibika.

Hisa ni habari nyingine kidogo. Wakenya wengi waliingia sokoni mwaka 2008 na Safaricom, kampuni ya simu, kwa shilingi 5 kila hisa, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya hapo. Agosti 2021 ikapita 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Katikati ya 2025 ikarudi juu ya 25. Aliyenunua kwa 5 na kutulia anacheka na gawio lake. Aliyenunua kwa 40 wakati huo alikuwa bado anahesabu nyota.

Hapa ndipo sikubaliani na wale wanaotuambia kila mara "vumilieni, soko hurudi." Mumias, kampuni ya sukari, haikurudi. Waliokuwa na hisa zake wangevumilia mpaka leo, na kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayewekwa kampuni ikishindwa kulipa madeni, tangu 2019. Lipo jahazi lililokaa juu ya mchanga likingoja maji, na lipo lililozama. Kwa mbali yote mawili yameinama. Mwanachama hawezi kuyatofautisha akiwa na karatasi yenye mabano na namba moja, na meneja asiyetaka kuulizwa maswali hupenda sana neno "muda mfupi".

Kwa hiyo naomba Mamlaka iagize jambo hili: hazina ikipata hasara, karatasi ya mwanachama ioneshe hasara hiyo imetoka wapi. Kiasi gani ni bei ya hati ambazo bado zinalipa, kiasi gani ni hisa zilizoshuka, kiasi gani ni mali iliyokufa kabisa, na ada za meneja zilikuwa ngapi mwaka huo. Ukurasa mmoja unatosha, na uwe kwa Kiswahili. Pembeni pawe na miaka 10 iliyopita, ili mtu aone mwaka mbaya ukiwa katikati ya wenzake.

La pili ni la mzee wa ghala. Alitimiza miaka 60 Januari 2024, wiki chache baada ya ule mwaka, akalipwa zote kwa mkupuo kwa thamani ya chini. Sisi wenye miaka 15 mbele tunaweza kungoja maji yajae, yeye tarehe yake ya kuzaliwa ilimpangia. Sheria inaruhusu mstaafu aziache pesa zake ziendelee kuwekezwa na kuchota kidogokidogo, kwa miaka isiyopungua 10, bila kuzidi 15% kwa mwaka. Hakuambiwa. Wala hakuna aliyemwita alipofika miaka 55 kumuuliza kama anataka akiba yake ianze kutolewa kwenye hisa pole pole. Mamlaka inaweza kulifanya hilo kuwa lazima: mazungumzo ya ana kwa ana, miaka mitano kabla, sahihi ya mwanachama chini.

Jambo hili si letu peke yetu. Tangu Januari 2021 watumishi wa serikali walio chini ya miaka 45 wamo kwenye mfumo huuhuu wa kuchangia, walimu na polisi miongoni mwao. Tangu Februari 2023 makato ya NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, yametoka shilingi 200 na kuwa 6% ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri 6% nyingine. Wengi wao hawajaona mabano bado.

Mkutano wetu wa mwaka huu utakuwa ukumbi uleule, karibu na Makupa. Ukimtuma afisa mmoja, anayeweza kueleza mstari unaoteremka kwa Kiswahili, tutashukuru. Mzee wa ghala amesema atakuja, ingawa si mwanachama tena.

Wako mtiifu,

Karani wa klering, Mombasa