Taarifa ya mwenyekiti kwa waanika dagaa wenzangu wa Kigoma, mwaka 2024

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu hamjambo. Hii ndo taarifa ya mwaka niliyoisoma juzi pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, naituma na kwenye grupu maana wengine walikuwa na mzigo sokoni, wengine walikuwa msibani Ujiji. Mkutano ulichelewa, mnajua wenyewe, mwanzo ulipangwa Novemba tukaingiliana na uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27, alafu zikaja mvua, mwishowe tukafanyia chini ya mwembe na spika mbovu ndo maana waliokaa nyuma wanasema hawakuambulia kitu. Haya someni sasa.

Mwaka 2024 kwetu ulikuwa mwaka wa ziwa kufungwa. Tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu mizima, uvuvi ukasimama Ziwa Tanganyika upande wetu, jambo ambalo halijawahi kutokea toka nizaliwe, na lilitokana na makubaliano ya nchi zote nne zenye hili ziwa, yani sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Nakumbuka maneno yaliyosemwa hapa mwezi wa nne, mengine siwezi kuyaandika humu maana kuna watoto wa watu kwenye grupu. Wavuvi walau walizungumziwa habari za vizimba vya kufugia samaki, sisi tunaonunua mbichi, tukaanika, tukauza, hatukusikia anatuuliza mtu tutakula nini. Mfuko wetu wa kukopeshana ndo uliotubeba, kuna waliochukua wakauza mihogo, kuna waliochukua vitenge, na nashukuru wengi wamerudisha. Ambao bado wanajijua, sitaji jina, ila mhazini analo daftari.

Sasa baada ya ziwa kufunguliwa nikawa naulizwa kila siku swali moja, eti hivi kweli dagaa wamepungua au ni serikali tu inataka kutusumbua. Nikaona nisijibu kwa kubahatisha, nikamtafuta kijana wetu mmoja aliyesomea mambo ya maji chuo kikuu, akanisomea tafiti zilizofanywa hapa hapa kwetu na kunifafanulia kwa kiswahili cha kawaida. Jamani, hili ziwa limechunguzwa! Watu wa vyuo vikuu vya Marekani, Ulaya, na wa kwetu, na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi TAFIRI yenye kituo chake hapa hapa Kigoma, wamepima joto la maji, wamepima upepo, wamechimba tope la chini kabisa ya ziwa na kulisoma tabaka kwa tabaka kama kurasa. Mwaka 2003 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya mama mmoja anaitwa Catherine O'Reilly na wenzake, nyingine ya Piet Verburg na wenzake, zote zinasema maji yetu yamepata joto na joto ndo linaleta njaa humo ndani.

Inakuwaje? Hapa naomba mtulie kidogo. Hili ziwa lina kina cha mita karibu 1,470, hakuna lingine Afrika linalolifikia, lakini samaki wetu hawaishi huko chini. Kwa huku kaskazini ukishuka kama mita 100 hivi hewa ya oksijeni inakwisha, chini ya hapo ni giza na maji mazito ambayo samaki hawezi kuvuta pumzi. Sasa kila kinachokufa juu kinazama, na rutuba yote inakwenda kukaa huko chini. Fikirieni uji wa lishe kwenye sufuria kubwa, unga umetuama chini na juu kumebaki maji tu, usipopata mwiko wa kukoroga mtoto anakunywa maji. Mwiko wetu ni upepo wa kusini, ule wa kiangazi unaovuma kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, ya chini yanapanda na rutuba, vimea vidogo vinaota, vijidudu vinakula vimea, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunakula wote. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale baridi na hayataki kuchanganyika nayo, upepo unavuma lakini mwiko haufiki chini. Utafiti wa O'Reilly ulikadiria kwamba chakula kinachozalishwa na vile vimea vidogo kimepungua kama asilimia 20, na kwa hesabu yao hiyo inaweza kuwa na maana ya samaki kupungua kama asilimia 30. Hiyo ni kabla hujamgusa mvuvi hata mmoja.

Alafu 2016 profesa Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake wakaongeza jingine kutoka kwenye lile tope. Walikuta mabaki ya samaki na konokono yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza ziwani, joto lilipoanza kupanda. Na eneo la chini lenye oksijeni ambako viumbe wa mwambao wanaweza kuishi limepungua asilimia 38 kwenye sehemu walizochunguza tangu kama mwaka 1946. Mama mmoja mkutanoni akaniambia mwenyekiti kwaiyo mvuvi hana kosa, basi tuachiwe tuvue. Hapana mama. Kama mtu kipato chake kimepungua, ndo sababu ya kuongeza matumizi? Joto limepunguza kinachozalishwa, na sisi huku juu taa za kuvutia dagaa usiku zimeongezeka, kutoka karabai mpaka hizi za sola na betri, nyavu zina matundu madogo, makokoro, zile nyavu za kukokota, bado yapo japo yamekatazwa, na watu tumezaliana. Vyote viwili vinavuta upande mmoja. Joto la dunia sisi hatuna swichi yake, tena kwa moshi wa viwanda vya huko kwa wenzetu sisi wa mwisho wa reli tumechangia nini? Ila nyavu na miezi ya kupumzisha ziwa viko mikononi mwetu. Dagaa ana bahati moja, anakua haraka na maisha yake ni mwaka mmoja na kidogo, kwaiyo ukimwachia nafasi ya kuzaa anarudi mapema kuliko samaki wakubwa kama sangala au kuhe. Mimi binafsi naunga mkono kufungwa na nilisema mbele ya wote, waliokasirika wamekasirika. Ila nisiseme uongo kwamba msimu mmoja umethibitisha lolote, wiki za kwanza baada ya 15 Agosti mzigo ulikuwa mzuri kweli na dagaa walikuwa wamenona, lakini hiyo ni macho yangu, sio kipimo.

Kuna kitu lakini ambacho nadhani hao waliopanga tarehe hawakukiangalia, na hapa ndo naomba muweke akili zote. Mei mpaka Agosti ndo kiangazi chetu. Ndo jua la kuanika! Mchanga unawaka, upepo mkavu, unamwaga dagaa asubuhi jioni unafunga gunia. Sasa miezi hiyo ziwa limefungwa, kwaiyo mzigo wetu mwingi unahamia kwenye mvua, Oktoba kuendelea mpaka Aprili, na kila mtu hapa anajua dagaa aliyelowa mchangani anakuwaje. Saa sita wingu linakuja kutoka ng'ambo Kongo, mnakimbia na maturubai, nusu mmefunika nusu imeshalowa, kesho yake tumbo limepasuka, rangi imekuwa kama kutu, nzi wametaga, na aliyekuwa anunue kwa bei ya binadamu anakwambia hao ni wa kuku. Yani ziwa linatupa kidogo na sisi tunamwaga sehemu ya hicho kidogo. Kwa hiyo kipaumbele changu mwaka huu hakikuwa kulalamika kuhusu kufungwa, kilikuwa chanja, yani kichanja cha kuanikia dagaa juu ya ardhi.

Tumejenga chanja tatu za mfano pale juu, mbali na maji, maana mliona ziwa lilivyopanda mwaka huu likala ufukwe wote na vibanda vya watu. Hazina maajabu: nguzo za mkaratusi, zimefika kiunoni ili usiiname, juu kuna fito, alafu wavu wa matundu madogo umevutwa ukakaza kama ngoma. Dagaa unawatandaza tabaka moja tu, usirundike, hewa inapita juu na chini kwaiyo hakuna haja ya kugeuza geuza na kuwavunja vichwa. Jirani zetu Burundi walishafanya zamani na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wakaandika kwamba mchangani dagaa walikauka kwa saa kama 10 na kwenye chanja kama saa 8. Mchanga haupo, kuku hapandi, mbuzi hapiti. Na mvua ikija unavuta nailoni juu ya miti ya kuishikia mliyoweka, watu wawili mnamaliza kabla tone la tatu halijadondoka, nimeona kwa macho. Mnunuzi wa Dar aliyekuja Novemba alichukua kiganja cha dagaa wa chanja akatafuna hapo hapo, akasubiri mchanga ulie kwenye meno, haukulia, akaongeza bei bila mimi kuomba. Wale wa mchangani akawaacha. Sasa mnataka ushahidi gani tena.

Ubaya wa chanja ni gharama, tusidanganyane. Nguzo zinaliwa na mchwa, wavu mzuri ni bei, na nafasi ni ndogo, mtu mwenye mzigo wa ndoo nyingi hawezi kuenea. Ndo maana naomba vikundi vidogo vya watu watano watano kwa chanja moja, na tupeleke maombi ya ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za wenye ulemavu, uliosimamishwa 2023 na sasa umerudi. Masharti yamekaza kuliko zamani, kikundi lazima kisajiliwe na kiwe na akaunti, kwaiyo wale ambao vitambulisho vya NIDA bado, amkeni.

Nimalizie na hili la watafiti maana limeleta kelele. Kila mwaka wanakuja vijana na madodoso, wanatuuliza una watoto wangapi, unaanika kilo ngapi, umeona mabadiliko gani ya tabianchi, unaacha dagaa wako wanaanza kunuka unajibu, alafu wanapotea. Hatujawahi kurudishiwa karatasi hata moja. Mambo niliyoyaandika hapo juu kuhusu joto yamejulikana zaidi ya miaka 20, na yale ya Cohen toka 2016, na sisi tunaoishi juu ya hayo maji tumeyasikia mwaka huu kwa sababu ya kijana wa jirani! Hiyo sio sawa. Na inawezekana kufanya vingine, mfano upo hapo Gombe. Mama Jane Goodall alikuja 1960 kuangalia sokwe, baadae akaona kutoka kwenye ndege vilima vyote nje ya hifadhi vimebaki upara, akaelewa sokwe hawaponi kama watu wa vijijini wana shida, 1994 wakaanzisha TACARE, mambo ya miti na kilimo na maji pamoja na wanavijiji wenyewe. Unaweza kuwa na yako ya kusema kuhusu hifadhi, mimi pia ninayo, ila pale utafiti ulitoka kwenye daftari ukafika kwenye jembe la mtu.

Kwaiyo kamati imepitisha hivi: mtafiti yeyote akija, katibu ataangalia kwanza kibali chake cha COSTECH, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na barua ya wilaya, alafu atasaini ahadi kwetu kwamba akimaliza analeta ukurasa mmoja wa kiswahili unaosema alichokuta na anakuja kuusoma mkutanoni. Hataki, asiguse dagaa wetu. Na sisi tutakuwa na swali letu la kumpa, la kwanza tumeshaandika: kama ziwa litaendelea kufungwa kiangazi, ni kikaushio gani cha bei yetu kinachokausha dagaa siku ya mvua bila kuni? Maana kukausha kwa moshi kama migebuka tukisema tufanye na dagaa, hivyo vilima vya nyuma vitakwisha miti na udongo wote utashuka ziwani kufunika mawe samaki wanakozalia.

Ada ya 2025 haijapanda. Wanachama wapya tumepata, wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Hesabu kamili mhazini amezibandika kwenye mlango wa stoo, mwenye swali amuone yeye na sio kunipigia mimi saa tano usiku. Kujenga chanja ya nne ni Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kutulia, wanaume mliomo chamani mje na mapanga na nyundo, nguzo zipo, wavu upo, misumari bado.