YAH: KISANDUKU CHA KIHISI CHA ETHANOLI KINACHODANGANYA KIREKODI DATA

Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Karakana yetu ilinunua kwenu seti tatu za kupima ethanoli kwenye mafuta ya gari: kihisi chenye nyaya tatu, kisanduku cha kugeuza mawimbi yake kuwa volti, na kijitabu cha maelekezo. Vihisi ni vizima. Ubovu uko kwenye kisanduku na kijitabu, na tumevipima mezani kabla ya kuandika, ili lawama isirudi kwa fundi aliyefunga.

Kihisi hiki hutoa mawimbi ya hezi 50 (mawimbi 50 kwa sekunde) pasipo na ethanoli, na hezi 150 kwenye ethanoli tupu. Ukitoa 50 kwenye hezi umepata asilimia ya ethanoli. Kijitabu chenu kinasema kisanduku hugeuza hayo kuwa volti 0 hadi 5, na kirekodi data, yaani kifaa kinachohifadhi vipimo vya gari, kipangwe hivyo. Tulichomoa kihisi, tukaingiza mawimbi ya jenereta ya majaribio. Hezi 50 zilitoa volti 0.5, hezi 100 zikatoa 2.5, hezi 150 zikatoa 4.5. Visanduku vyote vitatu ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo petroli tupu inarekodiwa kuwa na ethanoli asilimia 10, na mafuta ya asilimia 85, yanayotoa volti 3.9, yanarekodiwa 78. Kwenye asilimia 50, hesabu ya volti 0 hadi 5 na ya 0.5 hadi 4.5 zinakutana. Anayejaribu kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu ataapa kifaa ni kizima. Na msiseme petroli yetu ilikuwa na ethanoli: mililita 100 tulizitikisa na mililita 10 za maji kwenye silinda yenye alama, maji yakatuama yakiwa 10 vilevile. Ethanoli ingehamia kwenye maji na mstari ungepanda. Fundi akirekebisha nozeli kwa kufuata rekodi hiyo, anazidisha mafuta kwa karibu asilimia 4, maana petroli huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake na ethanoli mara 9 tu.

La pili ni zito zaidi. Kihisi kikikuta mafuta machafu, hasa yaliyoingia maji, hupandisha mawimbi kufikia hezi 180 na zaidi. Hiyo ndiyo kengele yake. Kisanduku chenu tukikipa hezi 185 kinatoa 4.5 zile zile, yaani maji yanaandikwa kuwa ethanoli safi! Tukikata waya wa mawimbi, kinatoa 0.5, kama vile mafuta ni petroli safi. Nafasi ya chini ya 0.5 na juu ya 4.5 ipo wazi kabisa kwa ajili ya kuonyesha hitilafu, ila hamkuitumia.

Eathi nayo, yaani waya wa kisanduku wa kurudishia umeme. Kijitabu kinaelekeza ifungwe kwenye bolti yoyote ya bodi. Feni na pampu ya mafuta vikiwaka, tulikuta volti 0.15 kati ya bolti hiyo na eathi ya kirekodi, sawa na karibu asilimia 4 nyingine za ethanoli. Waya huo ulipaswa kwenda moja kwa moja kwenye eathi ya vihisi ya kirekodi. Upande wa joto la mafuta, ambalo kihisi hupima pia, hatuna neno.

Tunaomba ndani ya siku 14 mtupatie visanduku vyenye programu iliyosahihishwa, vinavyotoa volti ya hitilafu waya ukikatika au hezi zikizidi 150, pamoja na kijitabu kinachotaja 0.5 hadi 4.5. Mkishindwa, mrejeshe fedha za seti zote tatu. Wateja wengine waliokwisha kufunga waarifiwe leo. Wao wanaweza kupanga upya kirekodi kwa hesabu hii: volti, toa 0.5, gawanya kwa 4, zidisha kwa 100. Tusipopata jibu tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Vipimo vyote na nakala ya risiti vimeambatanishwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Uongozi wa Karakana