Kwenu maprodyuza wa hip hop wa miji midogo

Wanangu,

Nimechoka kuona prodyuza akikesha juu ya biti, yaani mdundo wa wimbo, ngoma ikavuma, kisha akaanza kulia kuwa kadhulumiwa. Ukimuuliza karatasi iko wapi, anajibu walielewana kwa mdomo. Walielewana nini? Asilimia ngapi, na ya kitu gani?

Ngoma moja ina haki mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na muziki, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Unaweza kulipwa pesa ya biti leo, kesho ukajikuta huna fungu popote. Basi msanii asitoke mlangoni kabla hamjaandika karatasi ya mgawo: jina kamili la kila mmoja kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanii, alichofanya, asilimia yake kwenye utunzi, asilimia yake kwenye rekodi. Kila safu ya asilimia ijumlishwe ifike 100. Tarehe, sahihi, kila mtu na nakala yake. Mkingoja ngoma ipendwe, hata aliyeitikia neno moja kwenye kiitikio atadai nusu.

Mkikata kipande cha wimbo wa mtu mkiweke kwenye biti yenu, ombeni ruhusa mbili, kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi. Hayo maneno kuwa sekunde chache ni bure, nani kawadanganya?

Mengine nayataja tu. Vokali, yaani sauti za waimbaji, zisigonge 0 dB, kikomo cha sauti kwenye kompyuta, wakati wa kurekodi; zikikwaruza hapo ni vigumu kuzitengeneza. Faili za kila chombo zianze sekunde sifuri, la sivyo studio nyingine itashindwa kuzipanga. Nakala za faili hizo ziwe 3, moja ikae nje ya studio.

Wala msidhani lazima mhamie jiji kubwa. Hip hop ilipokuwa ikitazama New York na Los Angeles, maprodyuza wa kundi la Organized Noize walikuwa Atlanta, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama yake Rico Wade, mmoja wao. Vijana wa mtaa waliingia humo, na kundi la rap la OutKast likatokea humo.

Nanyi mnaozindua vituo vya sanaa kwa mbwembwe, mkapiga picha na maikrofoni mpya: umeme analipa nani mwezi wa tatu baada ya uzinduzi? Ufunguo anao nani jioni, vijana wakitoka shule? Wanangu, msipokee vifaa kabla hayo hayajajibiwa kwa maandishi. Na mtoto akija kujifunza, kabla hajagusa kompyuta, mpeni ile karatasi ya mgawo aandike jina lake.