Barua ya wazi kwa Rais wa Meksiko: hayo mahindi ya nje yasagwe kwanza

Mheshimiwa Rais Claudia Sheinbaum,

Shikamoo Mama. Nakuandikia toka Tanzania, huku mtu akipitisha siku bila ugali anasema hajala, na mahindi yenyewe asili yake ni kwenu, wakulima wa bonde la Balsas ndio waliyatoa kwenye nyasi pori inaitwa teosinte miaka kama 9,000 iliyopita. Ndo maana naona na sisi walaji tuna la kusema.

Kwanza hongera sana, Machi 2025 mmeingiza kwenye katiba kwamba mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba maabara, hayapandwi Meksiko. Ila Mama, kupanda kumezuiwa, kuagiza bado. Desemba 2024 mlishindwa ile kesi ya mkataba wa biashara, Marekani walipopinga mlivyoyawekea mipaka mahindi ya GMO, na mahindi ya njano ya GMO yanaingia kwa mamilioni ya tani, mengi ni ya mifugo, na punje nzima ukiitupa shambani inaota. Mwaka 2001 si mliona wenyewe, vinasaba vya GMO vilikutwa kwenye mahindi ya kienyeji milimani jimbo la Oaxaca wakati kuyapanda kulishasimamishwa tangu 1998! Mkulima akipata punje anapanda, halafu chavua inabebwa na upepo, nani ataizuia?

Na kwa wenyeji wa asili wa Meksiko hii sio ishu ya mavuno tu. Wanahua, kabila la wenyeji hao, wa eneo la Huasteca wana Chicomexóchitl, roho ya mahindi, kwao ni mtoto kabisa, mahindi mapya yakikomaa wanachagua yale mazuri wanayafunga pamoja wanayavisha nguo za mtoto wanayaweka madhabahuni na maua na ubani na muziki unapigwa. Karne ya 16 padri mmoja wa Kihispania aliandika kwamba wanawake wa Kinahua kabla ya kutia mahindi chunguni waliyapulizia pumzi yasiogope moto, na ukiiona punje imeanguka chini ukaipita bila kuiokota umeikosea, itaenda kukushtaki. Sasa mama wa namna hiyo utamwambiaje kwamba mbegu aliyoachiwa na bibi yake imeingiliwa na kitu chenye hatimiliki ya kampuni? Mimi nisingeweza.

Ombi langu ni moja. Mahindi ya GMO yasagwe pale pale yanapoingilia nchini, yakishakuwa unga hayaoti tena. Hili tume ya mazingira ya NAFTA, ule mkataba wa zamani wa biashara wa Meksiko, Marekani na Kanada, ililipendekeza tangu 2004, baada ya wanavijiji wa Oaxaca kupeleka malalamiko yao, lifufueni. Kuku na nguruwe wanakula yaliyosagwa bila shida yoyote, kwa hiyo mfugaji hanyimwi kitu, na biashara haijakatazwa. Gharama ipo sawa, ila alipe anayeagiza, asilipe mwanakijiji kwa mbegu yake. Naomba uanze na bandari ya Veracruz, jimbo ambalo hao Wanahua wenyewe wanaishi, kisha ufuate mabehewa yanayoshuka toka Marekani.

Wako,
Mkulima wa mahindi, Mbozi