Barua kwa wifi: hiyo 38 ya CA 15-3

Wifi yangu mpendwa,

Pole na dozi. Umeuliza kama 38 uliyopata kwenye CA 15-3, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya matiti, ni mbaya. Ikiwa peke yake, wifi, hatuwezi kuisoma.

CA 15-3 hupima vipande vya MUC1, protini ambayo hata titi lenye afya linayo. Saratani huimwaga kwa wingi kwenye damu. Maabara nyingi huweka kikomo cha kawaida karibu na 30 U/mL (yuniti kwa kila mililita), lakini kila aina ya mashine ina kipimo chake. Ukipima Dar mwezi huu na Moshi mwezi ujao, tofauti utakayoiona huenda ikawa ya mashine tu. Chagua maabara moja usiihame, na karatasi zote uziweke kwenye faili moja. Huhitaji kufunga kula. Vile vidonge vya nywele na kucha vina biotini, aina ya vitamini, na katika baadhi ya mashine biotini nyingi huyashusha majibu kwa uongo, ukafurahi bure. Mwambie daktari unavitumia, naye akikubali, viache siku 3 kabla ya kutolewa damu.

Sasa hiyo 38. Kutoka 33 ya kipimo kilichopita ni ongezeko la kama asilimia 15. Wataalamu wengi hawashtuki mpaka lipite asilimia 20 hadi 25, tena kipimo kikirudiwa lionekane vilevile. Na wewe uko wiki ya tano ya dawa mpya! Katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo namba inaweza kupanda hata dawa ikiwa inafanya kazi. Usikubali dawa ibadilishwe kwa karatasi hii pekee. Ongezeko la kweli huendana na picha za CT au za mifupa, na vile unavyojisikia mwenyewe.

Homa ya ini, makovu ya ini, upungufu wa vitamini B12, hata kifua kikuu, vyote vinaweza kuipandisha. Kwa upande mwingine, wapo ambao saratani imesambaa na namba yao haijawahi kuvuka kikomo. Kwao kipimo hiki hakina kazi.

Yule jirani yako aliyemaliza tiba ya saratani ya hatua ya mwanzo, na hana dalili, asijiingize kwenye gharama hii. Miongozo ya ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, haikipendekezi kipimo hiki kwa watu kama yeye, maana hakijaonyeshwa kurefusha maisha, na hofu kinayoleta ni kubwa. Mamogramu ya kila mwaka na kuonana na daktari vinamtosha.

Kwako wewe ambaye saratani imefika kwenye mifupa, kuna mambo hayangoji namba. Mgongo ukiuma upya usiku, miguu ikilegea, au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa, saa chache zinaweza kuamua kama utaendelea kutembea.

Wifi yako