Sarafu za kumbukumbu: maji yasema ukweli kuliko cheti

Mhariri,

Wengi wenye sarafu za kumbukumbu huzithamini kwa jinsi zinavyong'aa na kwa maneno ya cheti kilichomo kwenye kisanduku. Vyote viwili hudanganya. Chukua sarafu ya Uingereza ya mwaka 1977, ya jubilei ya fedha ya Malkia Elizabeth II. Zilizotolewa kwa mamilioni ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina madini ya fedha hata chembe. Fedha hapo ni jina la sherehe ya miaka 25. Zipo pia zilizogongwa kwa fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha tupu, kwa ajili ya wakusanyaji. Picha ni ileile, uzito ni uleule wa gramu 28.28, na kipenyo ni milimita 38.6. Mizani peke yake haitazitenganisha.

Maji yatazitenganisha. Weka bilauri ya maji juu ya mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake kwa mililita. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 hutoa karibu 10.3, shaba na nikeli karibu 8.9. Kwa sarafu hiyo ya 1977, mizani itaonyesha kama 2.7 ikiwa ni fedha, na kama 3.2 ikiwa siyo. Ikigusa chini, mizani inabeba sarafu yenyewe na hesabu inaharibika. Viputo vya hewa ni vibaya zaidi kwa sababu havionekani kirahisi: vinaongeza ujazo, fedha halisi ikaonekana bandia. Tone la sabuni ya maji huvipunguza. Sarafu iliyofungwa bado kwenye kifuko chake kigumu usiitoe kwa ajili ya jaribio hili. Alama ya kidole kwenye uso unaong'aa kama kioo ni vigumu kuifuta bila kuacha mikwaruzo.

Sumaku ina kazi ndogo. Inanasa chuma kilichochovywa fedha, basi. Shaba iliyochovywa inapita salama.

Ukishajua ni fedha, zidisha uzito kwa kiwango cha usafi. Gramu 28.28 mara 0.925 ni gramu 26.16 za fedha tupu. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya troi, yenye gramu 31.1, kwa hiyo hapo una wakia 0.84. Anayegawanya kwa 28.35, wakia ya sokoni, anajiongezea karibu asilimia 10 isiyokuwepo. Wala si kila sarafu ya fedha ni 925: sarafu za Ujerumani Magharibi za mark 10, za Olimpiki ya Munich ya 1972, zina uzito wa gramu 15.5 na usafi wa 625, yaani fedha tupu haifiki gramu 10.

Hesabu hiyo inakupa sakafu ya bei. Kinachozidi hapo hutegemea idadi iliyogongwa kweli, hali ya uso, na kama kuna mnunuzi. Maneno "toleo maalumu" hayaongezi kitu. Medali na tokeni zisizo na thamani ya pesa iliyoandikwa mara nyingi huuzwa karibu na bei ya madini yake. Tazama ukingoni kama kuna 925 au 999. Zilizoandikwa "fedha ya Kijerumani" hazina fedha kabisa, ni shaba, nikeli na zinki.

Na jamani, acheni dawa ya meno na magadi! Mikwaruzo yake huonekana mara tu sarafu inapoinamishwa kwenye mwanga, na mkusanyaji atakulipa bei ya kuyeyusha. Weusi wa kawaida uacheni. Utando wa kijani unaonata, unaotokana na vifuko laini vya plastiki, huo ndio wa kuondoa: loweka kwenye asetoni safi, mbali na moto, na usisugue. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa mara nyingi imetiwa mafuta na manukato yanayobaki juu ya sarafu.

Msomaji wenu