Mashine za teleksi zisiuzwe kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi mashine za teleksi, za kutumiana maandishi kwa waya, ambazo hapa Malindi zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Juzi kuna hoteli ya huku ufuoni walikuwa wanasafisha stoo, nikaona moja iko juu ya mkokoteni imelaliwa na mabati, kibodi yote ipo mpaka roli la karatasi, namuuliza kijana anayesukuma ananiambia ni taipureta tu mzee. Jamani sio taipureta!

Hizo ndio ukoo mmoja na mashine watu walizoongea nazo na kompyuta kabla skrini hazijaenea. 1940 George Stibitz alikaa Hanover kule Marekani, akatuma hesabu kwa teleprinta, mashine ya kuchapa inayotuma maandishi kwa waya, mpaka mashine iliyokuwa New York, jibu likarudi likachapwa mbele ya wanahisabati wamekaa wanatazama. Halafu 1963 ikaja Teletype Model 33, herufi 10 kwa sekunde basi, unaandika na kompyuta inakujibu kwenye karatasi hiyo hiyo, na programu yako unaitoboa kwenye utepe wa karatasi unaenda nayo. Kina Bill Gates walianzia hapo wakiwa shule 1968.

Mimi kinachonifurahisha ni vile ilivyofanya kazi. Mstari ukiisha, kurudisha silinda ya herufi mwanzo ni amri moja na kusogeza karatasi ni amri nyingine, mbili mbili, maana silinda ilihitaji muda kurudi, na mpaka leo faili la maandishi la Windows linamaliza kila mstari kwa amri hizo mbili. Ukikosea kwenye utepe tundu halizibiki, kwa hiyo unarudi nyuma unatoboa nafasi zote za matundu za ile herufi, kompyuta ikisoma hapo inaruka. Ndio maana kwenye ASCII, ile orodha ya namba za herufi za kompyuta, alama ya kufuta ni namba 127, ya mwisho kabisa, matundu yote yametobolewa!

Na mji wetu wenyewe una historia ya enzi hizo hizo, satelaiti ya Uhuru ilirushwa hapo kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco, Ngomeni, 12 Desemba 1970, sasa watoto wetu wataelewaje enzi ile bila kuona hata chombo kimoja?

Naomba makumbusho ya hapa Malindi yatenge kona, hata meza moja, na wenye hoteli na maofisi ya zamani mkikuta teleksi stoo muwapigie wao kwanza kabla hamjaita mtu wa mizani.

Msomaji wenu,
Malindi